Maikrofoni Nne Zinatosha Kurekodi Dramu

Bendi nyingi changa huingia studio zikiwa na fedha za saa chache tu, na aghalabu saa hizo huishia kwenye dramu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sababu ni kwamba dramu si chombo kimoja, bali ni ngoma ya mguu, snea, tomu na matoazi, vyote vikipigwa kwa pamoja. Hata hivyo, si lazima kila kimoja kipewe maikrofoni yake.

Ngoma ya mguu na snea hupigwa kwa kishindo, hivyo hufaa maikrofoni za aina ya dainamiki, ambazo huhimili sauti kubwa bila kuhitaji umeme. Kwenye snea imezoeleka Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965. Huwekwa sentimita chache juu ya ukingo ikielekea katikati ya ngozi, huku ikiyapa mgongo matoazi pacha ya mguu. Kwa ngoma ya mguu hutumika yenye kiwambo kikubwa, kama AKG D112. Ikisogezwa ndani karibu na kinyundo hutoa mgoto mkavu, na ikiachwa kwenye tundu la ngozi ya mbele huongeza mvumo.

Matoazi huhitaji maikrofoni mbili za kondensa, zinazotumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikseri, zikiwekwa juu ya mpigaji. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani huzitundika kwa kukadiria kwa macho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Maikrofoni moja ikiwa mbali na snea kwa sentimita 34 zaidi ya nyingine, mlio huifikia milisekunde moja baadaye. Mawimbi hayo yakichanganywa hufutana kwa sehemu, na snea iliyokazwa vizuri husikika kama debe. Kifaa cha kuepusha hasara hiyo ni kipande cha kamba: ncha moja ishikwe katikati ya snea, na maikrofoni zote mbili ziwekwe kwa urefu uleule. Mhandisi Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi Led Zeppelin, anajulikana kwa mpangilio wa namna hiyo, moja ikiwa juu ya snea na nyingine ubavuni, upande wa tomu ya sakafuni.

Kisha zote nne zisikilizwe kupitia spika moja. Iwapo snea itanenepa baada ya kubonyeza kitufe cha kugeuza wimbi kwenye njia yake ya mikseri, kiachwe hivyo, na kurekodi kuanze.