Nyayo Kwanza, Pedali Baadaye

Wazazi wengi humfundisha mtoto baisikeli kwa kumshika nyuma na kukimbia naye. Mtoto ajifunza kukanyaga pedali, lakini anayemsimamisha ni baba. Siku anapoachiliwa huanguka, na hofu humkaa moyoni.

Tukumbuke baisikeli ilivyoanza. Tarehe 12 Juni 1817, mjini Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alipanda chombo cha mti chenye magurudumu mawili, akakisukuma kwa kupiga miguu chini. Pedali zilienea katika miaka ya 1860, huko Ufaransa. Basi wakubwa wenyewe walijua kujisawazisha kabla ya kukanyaga.

Tuwafundishe watoto kwa utaratibu huohuo. Twaa baisikeli ndogo, uzifungue pedali kwa spana. Ile ya kushoto hufunguka kinyume cha skrubu nyingine. Shusha kiti hata nyayo zote mbili zitulie chini. Tafuta uwanja tambarare, mbali na magari, na umvike mtoto kofia ngumu.

Kisha usimshike. Mwache atembee, apige hatua ndefu, mwishowe ainue miguu na kuteleza. Atazame mbele, asitazame gurudumu. Akichoka, apumzike, kesho ipo. Akiweza kuteleza na kupinda kona pasipo kugusa chini, mfundishe breki, ndipo umrudishie pedali.

Enyi wazazi, tutembee kando ya watoto wetu, mikono yetu ikiwa tayari kuwainua. Anayejisimamisha mwenyewe haogopi kuachiliwa.