Kuongeza springi za gari linalovuta tela

Mwaka jana mwezi wa saba gari letu lilitulaza njiani.

Sisi ni wanakikundi 12 wa kijiji kimoja upande wa Bashnet, wilaya ya Babati. Tunalima mahindi na maharage. Tuna pikapu moja kuukuu, ya kubeba tani moja. Tuna na tela la magurudumu mawili, tulilotengenezewa na fundi wa kuchomelea. Siku ile tulipakia magunia 16 ya mahindi. Manane kwenye pikapu, manane kwenye tela. Tukaanza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka Bashnet kwenda Dareda, ili tufike mnadani Babati mjini kabla ya jua kuwa kali.

Katikati ya mteremko tulisikia mlio, paa! Gari likalala upande wa kushoto. Tairi ya nyuma ikaanza kusugua bodi. Dereva alisimamisha gari kwa shida, maana tela lilikuwa linatusukuma. Tuliposhuka tukaona springi imevunjika. Tulilala pale pale na magunia yetu. Mama mmoja katika kikundi alikuwa na magunia matatu katika mzigo ule. Alitaka kuyauza anunue vifaa vya mtoto wake aliyechaguliwa kwenda kidato cha tano. Hakulala usiku kucha. Alikaa juu ya magunia na tochi mkononi.

Kesho yake tulivutwa hadi Babati. Hapo ndipo shauri lilipoanza. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema, "Chomelea tu, wazee, mwende zenu." Mwingine alisema tuweke vyuma viwili vya springi ya lori, "haitavunjika mpaka mtazeeka." Tulikuwa karibu kukubali. Basi tukampata fundi mmoja mtu mzima, akatueleza mambo ambayo hatukuyajua. Tunayaandika hapa kwa sababu tumeona magari mengi ya vijijini yana taabu hii hii.

SPRINGI NI NINI?

Mkokoteni wa ng'ombe hauna springi. Gurudumu likipanda jiwe, mkokoteni wote unaruka, na wewe uliyekaa juu unaruka nao. Gari haliwezi kwenda mbio namna hiyo. Kwa hiyo kati ya ekseli na chesisi huwekwa springi. Springi ya pikapu na ya lori ni vyuma bapa vilivyolaliana, kimoja juu ya kingine, vikiwa vimepinda kama upinde. Chuma cha juu ndicho kirefu. Ncha zake zimekunjwa kama jicho, na ndani ya jicho huwekwa bushi. Chini yake kuna vyuma vifupi zaidi na zaidi. Vyote vinashikwa pamoja na bolti moja ya katikati. Kisha vinabanwa kwenye ekseli na bolti nne za duara, yaani zile yubolti mbili kila upande.

Mzigo ukija, upinde unanyooka. Mzigo ukitoka, upinde unarudi. Chuma cha kawaida hakiwezi kurudi hivyo mara elfu na elfu. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa moto, kikapozwa kwa namna yake, kisha kikapashwa tena kidogo ili kisiwe cha kukatika kama kioo.

Hapo tulimkumbuka mhunzi wetu. Mhunzi anapenda sana springi kuukuu, maana hutoa visu na panga nzuri. Lakini anaanzaje kazi? Huichoma springi mpaka iwe nyekundu, ndipo inalainika aweze kuifua. Sasa fikiri. Mtu akichomelea springi ya gari lako, anafanya kazi ile ile ya mhunzi. Karibu na kidonda pale chuma kinapoteza mapishi yake. Upande mmoja kinakuwa laini, upande mwingine kinakuwa kikavu cha kukatika. Itashika mpaka shimo la kwanza. Ndiyo maana yule fundi alisema, "Springi haichomelewi. Hata ukipewa bure, kataa."

KWA NINI YETU ILIVUNJIKA

Fundi alichukua kile kipande kilichovunjika, akakigeuza kwenye jua. Akatuambia tutazame mahali kilipokatika. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, yenye kutu. Sehemu iliyobaki iling'aa kama fedha. Akauliza, "Mnaona nini?" Hatukuona kitu. Akasema ile sehemu nyeusi ni ufa wa zamani. Ulianza labda miezi mingi nyuma, maji na vumbi vikaingia. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika jana. Kumbe springi yetu ilikuwa mgonjwa siku nyingi, na sisi tunapakia tu.

Tena ilikatika katikati, kwenye tundu la bolti. Hii nayo ni dalili. Yubolti zikilegea, vyuma hucheza pale katikati, na tundu ndilo mahali penye udhaifu. Tulipozijaribu zile nati kwa spana, mbili ziligeuka bila nguvu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzikaza tangu tununue gari. Aibu ilikuwa yetu sote, maana kila mtu alidhani mwenzake anafanya.

MZIGO WA TELA UNAKAA WAPI?

Sisi tulidhani tela linajibeba lenyewe. Si hivyo. Tela la magurudumu mawili huegemea ndoano ya gari. Kiasi kinachofaa ni kilo 10 mpaka 15 kwa kila kilo 100 za tela na mzigo wake. Tela letu tupu lina kilo 300 hivi. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800. Jumla kilo 1,100. Basi ndoano ilitakiwa kubeba kati ya kilo 110 na 165.

Tulipima. Tuliazima mizani ya kupimia magunia, ile ya kukanyagia chini. Tukalipakia tela kama siku ile, tukaliweka mahali palipo sawa, tukazuia magurudumu kwa mawe. Kisha tukasimamisha gogo fupi juu ya mizani, shingo ya tela ikaegemea juu ya gogo, kwa kimo kile kile cha ndoano. Tukapata kilo 280! Tulikuwa tumepanga magunia mbele, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi kupakia.

Na kilo 280 za ndoano si kilo 280 kwenye springi. Ndoano iko nyuma ya ekseli. Ni kama mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo. Ukikandamiza mkia wa gari, pua inainuka. Kwenye gari letu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 3, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Hesabu yake inaleta kilo 392 juu ya ekseli ya nyuma, na mbele panapungua kilo 112. Ndiyo sababu dereva alikuwa akilalamika kwamba usukani ni mwepesi mno na taa zinamulika miti.

Tulihamisha magunia mawili tu, kutoka mbele kabisa ya tela kwenda nyuma, kama mita 2. Tukapima tena. Ndoano ikasoma karibu kilo 150. Ekseli ya nyuma ikapata kilo 210 badala ya 392. Yaani tuliipunguzia mzigo unaokaribia magunia mawili, bila kununua hata nati.

Lakini angalia usizidishe. Ukirudisha mzigo nyuma mno, shingo ya tela inainuka, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Gari likiwa mbio, tela hilo linaweza kulipindua.

SASA TUONGEZE CHUMA?

Baada ya hapo fundi alikubali kuongeza. Alisema springi zetu zilikuwa zimechoka na kunyooka, tena njia yetu ni mbaya. Lakini hakukubali chuma cha lori.

Sababu yake ni hii. Ukiwa na vyuma vinne na ukaongeza cha tano cha unene ule ule, ugumu unaongezeka kama robo. Hiyo ni hesabu rahisi. Unene wenyewe hauna hesabu rahisi hivyo. Chuma chenye unene mara mbili hakina ugumu mara mbili. Kina ugumu mara nane! Mtoto akikalia ubao mwembamba unapinda. Pandisha unene mara mbili, hata baba yake hataupinda. Basi ukichanganya chuma cha lori na vyuma vya pikapu, kile cha lori kinabeba karibu mzigo wote peke yake na vingine vinasindikiza. Gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi, na tairi linalorukaruka haliwezi kushika breki. Mwisho wake chesisi hupasuka pale springi inaposhikwa. Chesisi ikipasuka, gharama yake mtajuta.

Kwa hiyo tulitafuta springi nzima ya upande wa kushoto iliyokuwa nzuri. Tukaongeza chuma kimoja cha unene ule ule, chini ya kile kirefu, kila upande. Si upande mmoja! Gari lenye springi tofauti hukaa mshazari na kuvuta upande mmoja ukishika breki.

Wakati wa kazi fundi aliweka magogo imara chini ya chesisi. Hakuamini jeki peke yake. Alinunua yubolti mpya na ndefu zaidi, kwa sababu springi imekuwa nene, na nati lazima iingie yote kwenye meno. Aliweka bolti mpya ya katikati na bushi mpya. Zile bolti za bushi hakuzikaza kabisa mpaka gari lilipokuwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Alisema ukizikaza gari likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unajisokota na kuchanika mapema.

Tulirudi kwake baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Alikaza yubolti tena, na zilikubali. Springi mpya hujikalia, lazima zilegee kidogo.

BREKI

Hapa tusome polepole. Pikapu nyingi zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye kifaa cha breki kilicho juu, kwenye chesisi. Mzigo ukiwa mwingi, gari linashuka, fimbo inasukuma, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu linainuka, na breki za nyuma zinapunguziwa ili tairi zisiteleze. Sasa ukiinua gari kwa kuongeza springi, kifaa kile kinadanganyika. Kinadhani gari ni tupu, kumbe lina tani moja! Breki za nyuma zinakuwa dhaifu wakati ule unapozihitaji. Fundi alirekebisha ile fimbo. Alitazama pia mpira wa breki wa nyuma, asije akauacha umevutika. Mafundi wengi husahau jambo hili. Ukifanyiwa kazi hii, muulize fundi wako bila kuona haya.

Na tela letu halina breki zake. Springi hata zikiwa mpya namna gani hazisimamishi tela. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile. Tani moja ya pikapu inabaki tani moja. Wenye malori wanalijua hili vizuri zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Mizani ya barabarani haitazami springi zako zimesimama namna gani.

Dereva wetu sasa anashuka Bashnet kwa gia ya pili toka juu mpaka chini, na mnyororo wa pili umefungwa kati ya tela na gari, ili ndoano ikikatika tela lisiende lenyewe.

MAGUNIA 15

Tulibishana sana juu ya idadi. Wengine walisema, "Tumeongeza springi, turudi kwenye 16, au hata 18." Tukapiga hesabu ubaoni, pale pale tulipojifunzia kusoma. Magunia 7 ni kilo 700. Ndoano kilo 150. Dereva na mtu mmoja kilo 140. Jumla 990. Gunia la nane likipanda, tunapita tani moja.

Basi mwaka huu tumepakia 7 kwenye pikapu na 8 kwenye tela. Wenye magunia hupanda basi. Kila safari gunia moja linabaki kijijini kungoja safari nyingine, na tumekubaliana libaki kwa zamu. Safari ya kwanza lilibaki la mwenyekiti. Yule mama wa kidato cha tano alikuwa wa kwanza kupakiwa.