Rejeta ya gari la kale: Dubai yapatikana vipi kwa bei nafuu?

Julai na Agosti, joto la mchana mjini Dubai hupita nyuzi 40 za Selsiasi na siku nyingine hukaribia 50. Gari jipya hustahimili. Lakini kwa mwenye Ford ya mwaka 1932 iliyopachikwa injini kubwa, au Peugeot 504 ya zama za Safari Rally, foleni moja tu katika barabara ya Sheikh Zayed yaweza kuiua injini.

Magari ya aina ya hot rod yana asili yake Marekani, hasa California, ambako tangu miaka ya 1930 vijana walinunua magari makuukuu, wakapunguza uzito wa bodi na kuongeza nguvu za injini. Mapenzi ya magari ya kale hayako Ghuba peke yake. Mjini Nairobi, mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970, na mbio za East African Safari Classic zilianza mwaka 2003.

Wenye magari hayo, wawe Mombasa au Deira, wana tatizo moja: rejeta ikishatoboka, ya kubadilisha haipo tena dukani.

Kwa nini injini huchemka?

Rejeta ni kundi la mirija myembamba yenye mapezi, lililo kati ya matangi mawili. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita ndani ya mirija, hewa hupita nje, na joto huondoka na hewa hiyo. Hewa ikiwa tayari ina nyuzi 45, uwezo wa kupoza hupungua. Na injini mpya yenye nguvu mara mbili ya ile ya awali huzalisha joto ambalo rejeta ya zamani haikuundiwa.

Kifuniko nacho kina kazi yake. Kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba huinua kiwango cha maji kuchemka kwa takriban nyuzi moja na nusu. Magari mengi ya leo hutumia kifuniko cha ratili 13 hadi 16. Rejeta za miaka ya 1930 hazikujengewa shinikizo hilo, na mwenye kuifunika kwa kifuniko cha kisasa huenda akapasua maungio yake.

Wanaorejea Afrika Mashariki wakumbuke jambo jingine. Dubai iko usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Gari lililopona Dubai kwa tabu laweza kushindwa kupanda Limuru.

Njia ya kwanza: kukarabati

Mara nyingi iliyo rahisi kuliko zote ni kuihifadhi rejeta yenyewe. Rejeta za kale zilitengenezwa kwa shaba na kuunganishwa kwa risasi na bati, hivyo fundi aweza kuzifungua. Matangi ya awali hubaki na kiini kipya hutiwa kati yake, kwa hiyo sura ya gari haibadiliki.

Mafundi wa kazi hiyo hupatikana katika karakana za Ras Al Khor, na katika maeneo ya viwanda ya Sharjah, mji jirani. Wenzao wapo Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala. Mwombe fundi aijaze rejeta hewa na kuizamisha majini mbele yako. Mapovu hayasemi uongo.

Njia ya pili: ya gari jingine

Sharjah ina soko kubwa la vipuri vilivyotumika, vinavyotolewa kwenye magari yaliyopata ajali au kuvunjwa. Rejeta ya Ford ya mwaka 1932 haipatikani humo kwa urahisi, lakini ya gari jingine yaweza kuingia.

Siri ni vipimo, wala si jina la gari. Pima urefu, upana na unene wa kiini, kisha kipenyo na upande wa matundu ya maji. Injini ya kale ya V8 ya Ford ina mipira miwili juu na miwili chini, ilhali injini nyingi za baadaye zina mmoja juu na mmoja chini. Kwa gari lenye gia za kujiendesha, angalia pia kama tangi lina mrija wa kupozea mafuta ya gia.

Njia ya tatu: mpya ya alumini

Rejeta za alumini za vipimo vya kawaida huuzwa mpya, nazo ni nyepesi. Usiijaze maji ya bomba matupu: tumia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kupozea, kwani alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yasiyo na dawa huliwa haraka.

Bei ya kweli ni ipi?

Kuagiza kutoka Marekani huonekana rahisi mpaka hesabu ikamilike. Tuchukulie rejeta imefika bandarini kwa dola 600, pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 5 huifanya 630. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa asilimia 5, huifikisha 661 na nusu. Kwa kuwa dola moja ni takriban dirham 3.67, hiyo ni zaidi ya dirham 2,400. Ikisafirishwa tena hadi Mombasa au Dar es Salaam, ushuru wa huko huongezeka juu yake.

Jihadhari pia na vipuri bandia. Sanduku lenye nembo maarufu si ushahidi. Dai risiti na haki ya kurudisha. Na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto, kwani mvuke huunguza uso na macho.

Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimehamia kwenye alumini na plastiki, na kazi ya kuunga shaba inazidi kukosa warithi. Mwenye gari la kale aliyempata fundi wa namna hiyo ana hazina. Rejeta hununulika, injini iliyopasuka kichwa kwa joto, ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza miongo kadhaa iliyopita, si rahisi kuipatia mbadala.