Kuku Anataka Wiki 6, Deni la Simu Linataka Doh Sasa: Rada ya Kufuga Kuku Nax

Kama uko Nakuru, lazima unajua msee anafuga kuku. Free Area, Kiamunyi, Bahati mpaka Njoro, hutembei mbali kabla usikie vifaranga nyuma ya nyumba ya mtu. Na lazima pia unajua banda lenye limebaki tupu. Mwenyewe atakuambia kuku walikufa. Chimba kidogo: saa zingine kuku walikuwa fiti, ni deni lilifika kabla wao wafike sokoni.

Cheki hivi. Kuku wa nyama anataka karibu wiki 6 ndio afike kilo 2 hivi. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO pale Naivasha, huanza kutaga wakiwa na karibu miezi 5. Hiyo ndiyo kalenda ya kuku, na haibembelezwi.

Sasa weka kalenda ya pesa kando yake. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, riba ilikuwa 8% kwa mwaka. Poa sana. Lakini mkopo wa mtu binafsi ulifaa kurudi kwa siku 14. Siku ya 14 kifaranga bado anaota manyoya, utamuuzia nani? Mkopo kama huo unamfaa mama mboga, ananunua sukuma asubuhi na jioni ashauza. Ya kuku haizunguki hivyo.

M-Shwari nayo, tangu ianze Novemba 2012, ilikuja na siku 30 na ada ya 7.5%. Tuseme umekopa 20,000 ya kulea kuku 100. Ada ni 1,500. Siku 30 zikiisha kuku wako wako na wiki 4 tu, deni linasogezwa mbele na ada inakatwa tena. Ushatoa 3,000 na kitu. Gawanya kwa kuku 100: shilingi 30 kila kichwa. Kama faida ilikuwa 60 kwa kuku, nusu imeenda na hakuna hata mmoja amekufa.

Hapo sasa ndio watu huharibu kabisa. Mwingine anauzia broka kuku wa wiki 4 kwa bei ya kutupa, bora simu iache kumsumbua. Mwingine anapunguza chakula, juu chakula ndicho kinameza zaidi ya nusu ya gharama. Kuku mmoja wa nyama humaliza kilo 3.5 hadi 4 hivi mpaka auzwe, na wiki za mwisho ndizo anakula sana na kuongeza uzito sana. Ukimnyima hapo, umelisha mwezi mzima bure.

Kuchukua chakula kwa agrovet kwa deni si vibaya, mradi uulize bei ya keshi na bei ya deni. Hiyo tofauti ni riba, hata kama hakuna mtu ameiita hivyo.

Sacco ama chama chenu je? Tuseme wanakupa hiyo 20,000 kwa 1% kila mwezi ya deni lililobaki, unalipa miezi 4. Riba yote ni 500. Linganisha na ile 3,000. Shida ni kwamba wengi wanataka uanze kulipa mwezi wa kwanza, na wiki ya 4 huna kuku wa kuuza. Kwa hivyo uliza mapema kama unaweza kuanza mwezi wa pili. Wakikataa, hakikisha kuna doh ingine ya kulipa hiyo awamu ya kwanza, ama subiri.

Kuhusu dhamana, usiogope sana juu huna shamba. Tangu 2017 kuna sheria Kenya inayoruhusu mali ya kuhamishika kuwekwa dhamana, mifugo ikiwemo. Lakini ukweli usemwe, mashine ya kuangulia mayai inaongea vizuri kuliko kuku wenyewe, juu Newcastle inaweza kumaliza banda kwa siku chache na mkopeshaji anajua. Kwa hivyo beba daftari: vifaranga waliingia wangapi, walikufa wangapi, magunia mangapi ya chakula, chanjo ya Newcastle na ya Gumboro zilipeanwa siku gani, nani alinunua na kwa ngapi. Kama uko na raundi mbili zilizoandikwa hivyo, bonga nao.