Saiklini, jamaa ya protini zinazopima majira ya seli

Protini huitwa jamaa moja zikiwa na asili moja, ijapokuwa kazi zake hutofautiana. Mfano ulio wazi ni saiklini, zilizogunduliwa na Tim Hunt mwaka 1982 katika mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba. Jina latokana na neno la Kigiriki la duara. Saiklini B peke yake haitendi lolote. Hurundikana ndani ya seli, hushikamana na kimeng'enya kiitwacho kinasi na kukiamsha. Nacho huzitia fosfati protini zinazoshikilia utando wa kiini, utando ukasambaratika, kromosomu zikapata kugawanywa. Kisha saiklini hiyo huharibiwa, na pasipo kuharibiwa huko seli haimalizi kugawanyika. Saiklini D nayo ikizidi kiasi, seli huongezeka bila haja, na saratani yaweza kuzuka.