Diploma bila kalamu ni hasara kwa mzazi mfanyabiashara

KASESE, Uganda

Wafanyabiashara wengi wa Bwera na Mpondwe hulipa karo za vyuo kwa fedha za mpakani: faida ya samaki, maharage, kahawa na chumvi ya Katwe inayovuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Wanatarajia kijana akihitimu aweze kuisimamia biashara mbele ya ofisa wa forodha, benki na mteja. Hapo ndipo uwezo wake wa kuandika unapopimwa.

Chini ya taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa za nchi wanachama wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti rahisi cha uasili. Biashara ikikua, karatasi huongezeka: mkataba na msafirishaji, ombi la mkopo, barua ya madai mzigo ukiharibika njiani. Barua ya madai haina fomu ya kujaza. Lazima mtu aeleze nini kilitokea, lini, na anadai kiasi gani.

Vyuo vingi vya ukanda huu vimeliachia kazi hiyo somo moja la stadi za mawasiliano, mara nyingi mwaka wa kwanza. Mwanafunzi akishalifaulu, mwalimu wa uhasibu humpa hesabu tupu, na wa kilimo humpa maswali ya kuchagua jibu. Akifika mwaka wa mwisho, mkono umeshakuwa mzito.

Ipo njia nyingine, iliyoenea Marekani tangu miaka ya 1970: kuingiza uandishi ndani ya kila somo. Mhadhiri huanza kwa kujiuliza mhitimu wa fani yake huandika nini kazini. Mhasibu humwandikia mwenye duka maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu faida na madeni. Muuguzi humwachia mwenzake wa zamu taarifa ya mgonjwa. Bwana shamba huandika ripoti ya kahawa ya miteremko ya Rwenzori. Kazi hugawanywa: muhtasari kwanza, kisha rasimu, kisha marekebisho, na vigezo vya alama hutolewa mapema.

Kikwazo ni muda. Mhadhiri mwenye wanafunzi 150 hawezi kusahihisha kurasa kumi za kila mmoja. Ndiyo maana kazi hufanywa fupi, wanafunzi husomeana rasimu kwa kufuata vigezo, na mhadhiri hutoa maoni mara moja kabla ya nakala ya mwisho.

Kwa Uganda suala hili halisubiri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeleta kazi za miradi, na asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na tathmini ya shuleni. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa taifa 2024. Vijana waliozoea kuchunguza na kueleza wakikuta chuo cha kukariri, watarudi nyuma.

Mzazi anaweza kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa karo. Ni masomo gani, mbali na lugha, yanayodai uandishi? Je, rasimu hurudishwa na maoni? Na mwanafunzi hupewa nafasi ya kuandika upya?