Endometriosisi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua

Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, hasa kwenye ovari na mirija ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata takriban 10% ya wanawake na wasichana wenye umri wa kuzaa, yaani milioni 190 hivi. Baadhi yao hupata shida ya kushika mimba, lakini wengi huzaa. Nchini Tanzania Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alieleza hadharani maumivu yake na upasuaji wa mara nyingi. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume.

Wakati wa ujauzito

Hedhi husimama na homoni ya projesteroni huongezeka, hivyo baadhi ya wanawake hupata nafuu. Wengine huumwa zaidi miezi ya mwanzo, kwa sababu mfuko wa uzazi unaokua huvuta makovu yaliyogandisha viungo. Mimba nyingi huisha salama, ila hatari ya kuzaa kabla ya wakati au kondo la nyuma kuziba njia ya mtoto huongezeka. Kwa nadra damu huvuja ndani ya tumbo. Maumivu makali ya ghafla, kuzirai au kutokwa damu ukeni ni dharura. Ibuprofeni isitumiwe bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.

Baada ya kujifungua

Wanawake wengi huambiwa kwamba wakizaa watapona, lakini ujauzito hautibu ugonjwa huu. Kunyonyesha huchelewesha hedhi. Ikirudi, mara nyingi maumivu nayo hurudi. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, uvimbe kwenye kovu unaouma kila hedhi unaweza kuwa endometriosisi. Mama anayenyonyesha anaweza kupewa dawa zenye projestini pekee, kwa mfano vidonge, sindano au vipandikizi.

Huduma mkoani Kagera

Kwa mkazi wa Kemondo, bandari ya Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba mjini na ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kliniki ya wajawazito na ile ya baada ya kujifungua ni nafasi za kueleza maumivu ya hedhi ya zamani. Kuandika tarehe za hedhi na za maumivu humsaidia daktari kutofautisha ugonjwa huu na maambukizi ya nyonga.